Bastola ndogo haidai mafunzo madogo

JANUARI ya kila mwaka watengenezaji wa bunduki wa Marekani hukongamana mjini Las Vegas kwa maonyesho yao makuu. Siku moja kabla ya maonyesho kufunguliwa rasmi, waandishi wa habari za silaha huenda katika uwanja wa shabaha ulioko Boulder City, kwenye jangwa la Nevada, wakazijaribu kwa mikono yao silaha ambazo raia bado hajazizoea madukani. Kisha huketi wakaandika. Husifu, hukosoa na kulinganisha, na mnunuzi aliye mbali huyashika maneno yao kama mgonjwa ashikavyo maneno ya tabibu.

Miongoni mwa silaha zilizovuma mno katika maonyesho ya 2018 ni bastola iitwayo P365 ya kampuni ya SIG Sauer. Jina lenyewe lina ujumbe: mwenye kuinunua anatarajiwa kuibeba siku zote 365 za mwaka. Urefu wake hauzidi sentimita 15, yaani nusu ya rula ambayo mwanafunzi huitia mkobani kila asubuhi. Uzito wake, kabla ya kutiwa risasi, ni kama nusu kilo. Hata hivyo magazini yake hubeba risasi 10, na moja zaidi yaweza kukaa chumbani tayari kwa kufyatuliwa. Bastola za kimo hicho zilizoitangulia zilizoea kubeba risasi 6 hadi 8. Haikushangaza, basi, kuona makampuni mengine yakifuata nyayo upesi, na leo bastola ndogo yenye risasi nyingi ni bidhaa ya kawaida katika maduka ya nchi hiyo.

Udogo huo ndio tunaotaka kuuzungumzia, kwani wahenga hawakukosea waliponena kuwa mdharau mwiba mguu huota tende.

Bastola ya kufichika si uvumbuzi wa juzi. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1865, John Wilkes Booth aliingia katika jumba la michezo ya kuigiza la Ford's Theatre mjini Washington, akampiga Rais Abraham Lincoln risasi ya kichwa. Bastola aliyoitumia, iliyotokana na kiwanda cha fundi Henry Deringer wa Philadelphia, ingali imehifadhiwa katika jumba hilo hilo kwa wanaotaka kuitazama. Urefu wake ni takriban sentimita 15, sawa na ile ya 2018. Tofauti ni kwamba ya Booth ilikuwa na risasi moja tu. Tarehe 28 Juni 1914, mjini Sarajevo, kijana wa umri wa miaka 19 aitwaye Gavrilo Princip alitumia bastola ndogo aina ya Browning kumuua Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha enzi cha Austria na Hungaria, na kabla ya majuma mengi kupita dola za Ulaya zilikuwa vitani. Mahatma Gandhi aliuawa kwa bastola mjini New Delhi tarehe 30 Januari 1948. Nasi Wakenya tuna tarehe yetu isiyosahaulika: 5 Julai 1969, siku ambayo Tom Mboya, aliyekuwa Waziri wa Mipango ya Uchumi, alipigwa risasi barabarani mjini Nairobi. Hakuna hata kimoja kati ya visa hivi kilichohitaji bunduki ndefu wala kikosi cha askari.

Turejee uwanjani, maana ni haki kulieleza jambo kabla ya kulihukumu. Jaribio la bastola mpya lina taratibu zake. Kwanza mjaribu huhakikisha kuwa silaha haina risasi, kisha huhakikisha tena. Huvaa miwani ya kukinga macho na vizibo vya masikio, kwa kuwa mlio wa bastola ya milimita 9 hupita desibeli 150, ilhali mlio wa ghafla unaopita desibeli 140 waweza kumwachia mtu uziwi wa maisha. Huitundika shabaha ya karatasi umbali wa mita 6 au 7, akafyatua risasi tano kwa utulivu, halafu akapima kwa rula upana wa eneo zilipotoboa. Huisogeza shabaha hadi mita 14 hivi, na baadaye mita 23. Hupima uzito wa mvuto unaohitajika kukivuta kifyatuo. Hubadilisha aina za risasi, nyepesi kwa nzito, ili kuona kama silaha ina ubaguzi. Hufyatua mamia ya risasi huku akiandika daftarini kila mara ilipokwama. Mwishowe huichomoa kutoka katika ala iliyo kiunoni na kufyatua kwa haraka, saa ikimhesabia.

Akimaliza hunawa mikono na uso kabla ya kutia chochote kinywani. Moshi wa uwanjani hubeba vumbi la madini ya risasi, ambayo ni sumu, na ambayo ndiyo yaliyoipa risasi ya bunduki jina lake katika lugha yetu.

Hatuna ugomvi na utaratibu huo. Ni kazi ya uangalifu, na silaha yenye kasoro ni heri igunduliwe na mtaalamu uwanjani kuliko kumlipukia mtu asiye na habari. Marehemu Jeff Cooper, aliyeanzisha shule ya bastola katika jimbo la Arizona mwaka 1976, aliwaachia wapiga shabaha kanuni nne ambazo hadi leo hubandikwa ukutani katika viwanja vingi: ichukulie kila bunduki kuwa ina risasi; usimwelekezee mtutu mtu au kitu usichokuwa tayari kukiangamiza; usikiguse kifyatuo mpaka uwe umelenga; na uijue shabaha yako pamoja na kilicho nyuma yake. Mtu akizishika kanuni hizo nne, ni vigumu mno kumdhuru mwenzake kwa bahati mbaya.

Lakini jaribio la uwanjani huipima bastola. Halimpimi atakayeibeba. Hapa ndipo tunapoona hatari ambayo sifa za wauzaji huifunika kwa maneno matamu, kwa sababu bastola kadiri inavyopungua ukubwa ndivyo inavyozidi kuwa ngumu kutumiwa vyema.

Mwalimu wa fizikia aweza kulithibitisha jambo hili ubaoni bila kushika silaha yoyote. Newton alitufunza kuwa kila kani ina kani iliyo sawa nayo na inayoelekea upande wa pili. Tuseme risasi ina uzito wa gramu 8 na inatoka mtutuni kwa mwendo wa mita 340 kwa sekunde. Tukiiacha kando hewa ya baruti, bastola yenye uzito wa kilo moja itarudi nyuma kwa mwendo wa mita 2.7 kwa sekunde. Bastola ya nusu kilo, ikifyatua risasi ile ile, itarudi kwa mita 5.4 kwa sekunde, na nishati inayoupiga mkono itakuwa maradufu. Ndiyo maana bastola nyepesi humrukia mpigaji mkononi, na risasi ya pili huchelewa au hupotea. Mpini wake nao ni mfupi, hata kidole cha mwisho mara nyingine hukosa pa kushika.

Twende sasa kwa mwalimu wa hisabati. Bastola hulengwa kwa kulinganisha kinundu kilicho mbele na pengo lililo nyuma. Katika bastola ya kawaida ya polisi, umbali kati ya viwili hivyo ni kama sentimita 16.5. Katika hiyo ndogo ni kama sentimita 13. Mkono ukitetema kiasi cha kinundu kuhama milimita moja tu, risasi ya bastola kubwa itapotoka sentimita 6 katika shabaha iliyo umbali wa mita 10. Ile ya bastola ndogo itapotoka karibu sentimita 8. Katika mita 20 hitilafu hiyo huwa maradufu. Haya ni makosa ya milimita moja, kwa mkono wa mtu aliyetulia. Je, mkono wa mtu aliyeshikwa na hofu hutetema milimita ngapi?

Ajabu iliyopo ni kwamba bastola hii ngumu ndiyo anayouziwa mwanagenzi. Huambiwa kuwa ni nyepesi, haivimbishi nguo, haitamlemea. Yote hayo ni kweli dukani. Mtaalamu aliyefyatua risasi maelfu kwa maelfu maishani mwake huimudu, akaandika kuwa inafyatuka vizuri kuliko udogo wake. Msomaji ambaye hajawahi kufyatua hata risasi moja huyasoma maneno hayo akadhani yanamhusu yeye.

Sheria ingeweza kuliziba pengo hilo kwa kudai mafunzo. Huko Marekani, hata hivyo, majimbo mengi yameelekea upande mwingine. Jimbo la Florida lilipitisha mwaka 1987 sheria iliyowawezesha wakazi waliotimiza masharti kupata kibali cha kubeba silaha iliyofichwa, na mojawapo ya masharti hayo lilikuwa ushahidi wa kupitia mafunzo. Majimbo mengine yaliiga. Mnamo 2022 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilitangua sheria ya New York iliyomtaka mwombaji aeleze haja maalumu ya kubeba silaha hadharani. Mwaka uliofuata Florida yenyewe iliondoa sharti la kibali, na mafunzo yaliyoambatana nalo yakaondoka pia. Leo majimbo zaidi ya nusu kati ya 50 humruhusu mtu mzima asiyekatazwa na sheria kuificha bastola nguoni na kutembea nayo mjini bila kibali chochote. Yaani silaha imezidi kuwa ngumu, na masharti yamezidi kuwa mepesi. Huko ni kupanda mchongoma kwa makusudi, na kushuka kwake ndiyo ngoma.

Pengine msomaji atasema kuwa adui akiwa karibu hata asiyejua kulenga hatakosa. Tuwatazame basi wale ambao kulenga ni sehemu ya kazi yao. Utafiti ambao taasisi ya RAND iliufanya kuhusu polisi wa jiji la New York, na kuutoa mwaka 2008, ulionyesha kuwa kati ya 1998 na 2006, polisi walipofyatuliana risasi na wahalifu, ni asilimia 18 tu ya risasi zao zilizompata mlengwa. Kwa maneno mengine, katika kila risasi tano, nne au zaidi zilikwenda kwingineko. Kwingineko ni wapi? Tarehe 24 Agosti 2012, nje ya jengo la Empire State katika jiji hilo hilo, polisi wawili walimkabili muuaji aliyewaelekezea bastola. Walifyatua risasi 16 wakamuua. Wapita njia tisa walijeruhiwa kwa risasi za polisi au vipande vyake. Hao walikuwa watu waliofunzwa na kulipwa kwa kazi hiyo, wenye bastola za kimo kamili. Karatasi ya uwanjani haina mpita njia nyuma yake. Ina ukuta wa mchanga.

Liko jambo jingine ambalo hakuna rula wala saa ya uwanjani iwezayo kulipima, nalo kwa maoni yetu ndilo zito kuliko yote. Ni shuku. Usiku wa tarehe 4 Februari 1999, Amadou Diallo, kijana wa umri wa miaka 23 aliyetoka Guinea kutafuta riziki, alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba alimoishi mtaani Bronx, New York. Polisi wanne waliovaa nguo za kiraia walimjia. Alitia mkono mfukoni, akatoa pochi. Wao walisema baadaye mahakamani kuwa walidhani ni bastola. Walifyatua risasi 41, na 19 zikampata. Diallo hakuwa na silaha yoyote. Mwaka uliofuata polisi hao waliachiliwa huru.

Ngozi ya Diallo haikukosa sehemu yake katika kisa hicho, na asiyelisema hilo anajidanganya. Hata hivyo kuna sababu nyingine inayostahili kufikiriwa darasani. Katika nchi ambamo bastola yaweza kuwa ndogo kama pochi, kila pochi yaweza kudhaniwa kuwa bastola. Silaha inayofichika haimtii hofu mhalifu peke yake. Humtia hofu polisi anayemsimamisha dereva, jirani anayesikia hodi usiku, na mwalimu anayemwona mwanafunzi akipekua mkoba kwa haraka. Na mtu mwenye hofu, akiwa naye ameficha ya kwake, hasubiri kuuliza swali la pili. Maji yakimwagika hayazoleki, na risasi ikishatoka haiitwi ikarudi.

Fauka ya hayo, kikulacho ki nguoni mwako. Anayenunua bastola humfikiria mwizi wa usiku. Takwimu za serikali ya Marekani zaonyesha jambo jingine. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa risasi nchini humo. Waliouawa na wenzao walikuwa 20,958, na waliojiua wenyewe walikuwa 26,328. Zaidi ya nusu ya vifo vyote, basi, mwenye kushika silaha na mwenye kufa walikuwa mtu mmoja. Huzuni ya mtu ina vipindi, hupanda na kushuka, na wengi waliowahi kutamani kufa waliishi wakashukuru kuwa hawakupata njia ya haraka. Bastola iliyo karibu na mkono siku zote 365 iko karibu na mkono hata siku ile iliyo mbaya kuliko zote.

Tumefika mahali panapowahusu hasa wasomaji wetu walio walimu. Baada ya vijana na watu wazima 17 kuuawa katika shule moja mjini Parkland, Florida, tarehe 14 Februari 2018, jimbo hilo liliruhusu baadhi ya wafanyakazi wa shule kubeba silaha baada ya mafunzo ya saa 144, na mwaka 2019 likawajumuisha walimu wa darasani. Jimbo la Ohio lilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2021 mahakama yake kuu ilikuwa imeamua kuwa mwalimu mwenye silaha shuleni sharti awe na mafunzo ya polisi, ambayo huchukua zaidi ya saa 700, au uzoefu wa miaka 20 katika kazi hiyo. Mwaka 2022 wabunge wakapitisha sheria inayosema kuwa mafunzo ya kuanzia yasizidi saa 24. Jimbo la Tennessee liliweka saa 40 mwaka 2024, na likaamua kuwa jina la mwalimu mwenye bastola liwe siri, hata wazazi wa watoto wasiambiwe.

Tulinganishe. Hapa Kenya mwalimu wa shule ya msingi aliyepata cheti cha P1 alisomea kazi hiyo miaka miwili, akafanya mazoezi ya kufundisha huku akikaguliwa, ndipo akakabidhiwa chaki. Makosa ya chaki hufutwa kwa kitambaa. Itakuwaje basi kwamba kazi ambayo kosa lake halifutiki ipewe saa 24, yaani siku tatu za kazi?

Wanaounga mkono sheria hizo wana hoja, na si ungwana kuipuuza. Tarehe 24 Mei 2022, katika shule ya msingi mjini Uvalde, Texas, wanafunzi 19 na walimu wawili waliuawa, ilhali polisi waliofika mapema walisubiri nje ya darasa zaidi ya saa nzima. Nasi hatuwezi kuwacheka. Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi waliingia alfajiri katika Chuo Kikuu cha Garissa, na kabla ya usiku kuingia watu 148 walikuwa wameuawa, wengi wao wanafunzi. Miezi michache kabla ya hapo, tarehe 22 Novemba 2014, watu 28 walitolewa katika basi lililotoka Mandera wakauawa, na miongoni mwao walikuwamo walimu waliokuwa wakirudi makwao kwa likizo. Mwalimu aliyepangiwa kazi katika sehemu hizo ana haki ya kuuliza: ikiwa serikali hainilindi, mbona nisijilinde?

Swali hilo ni la haki, na bastola ndogo ni jibu lisilofaa. Waliofika Garissa walikuja na bunduki za kivita na mabomu, wakiwa wamejiandaa kufa. Muuaji wa Uvalde alikuwa na bunduki ndefu ambayo iliwafanya polisi wenye mafunzo na fulana za kukinga risasi wasite mlangoni. Kumpa mwalimu wa historia silaha ya nusu kilo, iliyo ngumu kulenga, aliyoizoea kwa siku tatu katika uwanja wenye shabaha isiyotembea, kisha kumwambia akabiliane na watu wa aina hiyo katikati ya watoto 50 wanaokimbia huku na huko, ni kumtupia mzigo uliowashinda wenyewe. Aidha, siku zote ambazo gaidi hatakuja, silaha hiyo itakuwa darasani. Itakuwa mkobani mwa mwalimu anaposahihisha madaftari, anapogombana na mwanafunzi mtundu, anapokwenda msalani. Na kwa kuwa ni siri, kila mwanafunzi atamtazama kila mwalimu akijiuliza kama ni yeye. Shule ambayo watoto huwapima walimu wao kwa jicho hilo imeshapoteza sehemu ya ualimu wake.

Sheria yetu, kwa bahati njema, ina msingi tofauti. Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, haimpi kila raia silaha kama haki yake ya kuzaliwa. Mwombaji hana budi kuonyesha sababu ya kutosha, na kuonekana kuwa mtu anayeweza kuaminiwa bila kuhatarisha umma. Mnamo Desemba 2018 serikali iliamuru wote waliokuwa na vibali wahakikiwe upya. Na ilikuwa ni katika jiji letu la Nairobi ambapo mataifa ya Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika yalitia saini, tarehe 21 Aprili 2004, itifaki ya kudhibiti kile kinachoitwa silaha ndogo ndogo. Jina hilo lenyewe lastahili kutafakariwa. Katika lugha ya wanadiplomasia, hata bunduki ya AK-47 iliyomaliza vijiji vizima ni silaha ndogo.

Hata hivyo msingi mzuri hautoshi ikiwa nyumba haitunzwi. Tunaamini kuwa yeyote anayeomba kibali cha bastola apimwe uwanjani yeye mwenyewe, kwa bastola ile ile anayokusudia kuibeba, wala asipimwe kwa karatasi na sifa za marafiki pekee. Kipimo hicho kirudiwe kila mwaka, maana mkono husahau upesi kuliko kichwa. Anayetaka bastola ndogo ahitajiwe mafunzo marefu zaidi, kwa sababu tulizozionyesha ubaoni. Silaha isiyobebwa ifungiwe kabatini kwa ufunguo, mbali na mikono ya watoto. Na anayepatikana akiichomoa kwa hasira ya barabarani au kwa majivuno ya kilabuni anyang'anywe bila kujali cheo chake.

Ama kuhusu shule, ulinzi wake ni wajibu wa serikali. Askari waliofunzwa wawekwe mahali penye hatari, nyua zijengwe, na usafiri wa walimu wanaokwenda likizo ulindwe. Mwalimu asiyepewa ulinzi huo asiambiwe ajinunulie bastola. Adai ulinzi kupitia chama chake mpaka aupate, na sisi sote tumuunge mkono.

Nanyi wanafunzi, mtakapoona picha ya bastola mpya iking'aa, ikisifiwa kuwa ndogo, nyepesi na sahihi, kumbukeni hesabu ile ya milimita moja. Bastola hupimwa kwa karatasi iliyotundikwa, isiyotembea na isiyo na mama wa kuilia. Dunia tunayoishi haina shabaha ya namna hiyo.